Sinia ya Bana Reli

Unga wa mahindi ukiungua unatoa harufu isiyofanana na nyingine. Inaanza tamu, ukadhani kuna mtu anachoma mahindi, kisha inageuka chungu na kukwama kooni, na hapo unajua kwamba kuna sufuria imeharibika na kuna mpishi anayestahili kugongwa mwiko kichwani. Kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi hivi, harufu hiyo ilikuja kila siku mchana kutoka upande wa reli, nyuma ya mtaa wetu hapa Likasi, na ilizishinda harufu zote tulizozoea. Tulikuwa na moshi wa viwanda uliotukuna koo asubuhi, tulikuwa na vumbi jekundu lililolala hadi kwenye mashuka, na tulikuwa na samaki wakavu, wale tunaowaita mikebuka, ambao mama yangu aliwauza sokoni na ambao walitufuata mpaka kanisani ndani ya nguo zetu safi. Mimi nilikuwa mtoto wa mdomo mrefu, nisiyeweza kuona jambo likifanywa vibaya nikanyamaza, na tangu nilipoweza kuinua mwiko mama alikuwa ameniachia bukari ya nyumbani. Bukari ni jina letu la ugali, na msinichekee, kwetu asiyejua kuipika huchukuliwa kama mtu asiyejua kuoga. Basi harufu ile ilikuwa inanitukana kila siku, na nilikuwa sijui ni nani anayenitukana.

Nyumbani tulikula kwa sinia mbili. Sinia ya kwanza ilikwenda mbele, barazani, kwa baba na mdogo wake, baba Léon, na mgeni yeyote aliyepita. Sinia ya pili ilibaki nyuma jikoni kwa mama, mimi na wadogo zangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sinia ya vicheko, ya kunyang'anyana kichwa cha samaki na kupigwa kofi la mkono. Kaka yangu Kalala, ambaye tulimwita yaya Kalala kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, alikula nasi miaka yote. Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza, akarefuka ghafla kama mpapai, na siku moja mama akauona mstari wa nywele juu ya mdomo wake akacheka sana. "Weye uko mwanaume sasa," akamwambia. "Enda kule mbele, ku sinia ya baba." Kalala akaenda akiwa amevimba kwa fahari, na mimi nikamwonea wivu kwelikweli. Lakini pale mbele hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyesogea. Baba alikuwa karani wa stoo katika kampuni ambayo mshahara wake ulikuja ulipotaka, na baba Léon alinunua na kuuza mawe yenye madini. Mazungumzo ya sinia ile yalikuwa ya kazi, na Kalala hakuwa na kazi. Shule nayo ilikuwa imemrudisha nyumbani tangu mwaka uliotangulia, kwa karo. Wanaume wale wawili walikaa magoti yakiwa wazi, kila mmoja na upande wake, na kaka yangu akawa anapitisha mkono juu ya bega la baba yake kuchukua tonge, kama anaiba. Baada ya wiki chache akaacha hata kukaa. Alikuwa anachukua tonge lake na kwenda kulila chini ya mpapai, amesimama, akitazama barabara. Kurudi jikoni kwetu hakuweza, kwa sababu wadogo zangu wangemcheka kwamba uanaume wake umeisha.

Kisha akaacha kula nyumbani kabisa, na mtaa mzima ukajua amekwenda wapi kabla sisi hatujajua. Alikuwa amejiunga na Bana Reli, yaani wana wa reli. Hilo lilikuwa kundi la vijana waliokaa kwenye behewa bovu lisilo na magurudumu, ng'ambo ya reli, na jina lao lilitosha kumnyamazisha mtoto anayelia. Sitawapaka mafuta. Walipata vibarua vya kupakia chokaa kwenye malori kule Kakontwe, ndiyo, na walirudi weupe kuanzia nywele mpaka kope, lakini siku isiyo na lori kuku walipotea, na mama mmoja jirani yetu aliwahi kunyang'anywa begi lake mchana kweupe. Walipigana kwa minyororo ya baiskeli. Mchungaji wetu aliwaombea kila Jumapili kwa sauti ya kuwafukuza pepo, akitaja behewa lenyewe, na mama yangu aliposikia kwamba mwanawe ni mmoja wa hao alifunga siku tatu bila kula wala kunywa. Baba alikaa kwenye sinia yake na baba Léon, magoti wazi, na nilipoenda kuondoa vyombo niliona kwamba hata yeye alikuwa hali vizuri. Swali la nyumba yetu msimu ule lilikuwa moja tu: Kalala atarudi au hatarudi? Kila mtu alikuwa na dawa yake, na hakuna aliyekwenda kumwona.

Nilikwenda mimi, na nisingependa mdhani ni ujasiri. Ni harufu. Siku hiyo mchana, mama akiwa sokoni, bukari ile iliungua kuliko siku zote, nikashindwa kuvumilia, nikavuka reli nikifuata pua yangu. Behewa lilikuwa pale, kutu tupu, limeanikwa mashati, na mbele yake vijana kama kumi na watano walikuwa wamezunguka sufuria kubwa iliyokalishwa juu ya mawe matatu. Katikati yao alikuwa yaya Kalala, jasho linamtoka, anakoroga kwa mpini wa jembe. Alikuwa amemwaga unga wote kwa pamoja ndani ya maji baridi. Mabonge yalikuwa makubwa kama mayai. Wenzake walikuwa wanamcheka mpaka wanaegemeana. Sijui ni nini kilichonisukuma, mdomo wangu ulitangulia kabla ya akili. Nikasema kwa sauti: "Munapika bukari ao kole ya kubandika karatasi?"

Kijana mmoja mwenye shati lisilo na mikono akageuka polepole. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wao, na walimpa jina la Diplome, kwa sababu ndiye pekee aliyemaliza darasa la sita. "Na huyu njo nani?" akauliza. Kalala akafuta uso akasema kwa aibu kwamba ni mdogo wake, Ngalula. Diplome akanitazama mimi, akaitazama sufuria, akanitazama tena. "Iko na kinywa," akasema. "Tuone kama iko na mikono." Akamnyang'anya Kalala mpini wa jembe akanipa. Nikaimwaga ile kole yote, wakapiga kelele kama nimemwaga damu, nikachemsha maji mapya, nikanyunyiza unga kidogo kidogo, nikauacha uchemke, kisha nikaongeza na kukaza huku nimeizuia sufuria isiyumbe kwa mguu uliovikwa gunia lililoloweshwa. Bukari ilipotoka nyeupe, laini, imekaa juu ya sinia yao ya bati kama mlima, wakanawa mikono upesi. Bebe, kijana mnene ambaye kazi yake ilikuwa kulinda behewa na kula, alifunga macho kwanza ndipo akameza. Kisha wakaanza kupiga sufuria na mabati, wakaimba jina ambalo Diplome alilitunga papo hapo, Kantini, kwa ajili ya ile kantini ya kampuni ambako baba zetu walikuwa wakipewa posho ya unga katika siku nzuri. Nilirudi nyumbani nikiruka. Nilikuwa nimeingia kundi la majambazi, na sijawahi kufurahi vile.

Kwa wiki zote za vakansi, likizo yetu ya shule, nilikwenda kila mchana. Watu wakiniuliza leo jinsi mtoto mzuri wa kanisani anavyoingia kundi baya, nawaambia ukweli, kwamba ilikuwa raha. Pale kila mtu alikuwa na jina alilopewa na wenzake, na hakuna jina lililokuwa la heshima. Kaka yangu aliitwa Antene kwa urefu wake, na kila siku kulikuwa na mtu wa kumwomba ainame kidogo ili redio ikamate vizuri. Bebe aliitwa Bebe. Kijana mmoja aliyewahi kukimbia fahali mpaka akapanda nguzo aliitwa Ng'ombe, akaitika bila kununa. Walikuwa na gitaa lao lililotengenezwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, kubwa mpaka mpigaji alilikalia, na likianza kunguruma hata mimi niliacha sufuria nikacheza. Na sinia ilikuwa moja. Anayekuja mapema na anayechelewa, aliyepata lori na aliyekosa, wote walikaa kuizunguka, bega kwa bega, na akija mwingine wanasogea, akija mwingine wanasogea tena, mpaka duara linakuwa kubwa na mikono mirefu kama ya kaka yangu ndiyo inayowapelekea wengine samaki. Nilimwona Kalala akicheka kwa ile sauti yake mpya, nzito, ambayo nyumbani nilikuwa sijaisikia ikicheka. Nilimpenda sana kaka yangu siku zile, na nilitamani mama amwone.

Lakini sikuwa mjinga, na minyororo ya baiskeli niliiona inaning'inia mlangoni mwa behewa. Mwishoni mwa vakansi kukatokea ugomvi na kundi la ng'ambo ya mto, vijana kama wetu tu, weupe kwa chokaa ileile, juu ya nani apakie malori kwanza. Mmoja wao alipigwa akavunjika mkono. Habari ikaja kwamba Jumamosi mchana watavuka wote kuja kulichoma behewa. Bana Reli wakaanza kunoa vyuma, na Diplome akapanga watu, na aliyepangwa mbele kabisa alikuwa Kalala, kwa kuwa alikuwa mgeni kundini na mgeni lazima aonyeshe damu yake. Alikubali kwa kichwa tu. Nilimvuta kando nikamwambia turudi nyumbani, nikamwambia mama amefunga, nikalia. Akanifuta kamasi kwa kiganja chake kigumu kilichochubuliwa na chokaa. "Ku nyumba nirudie fasi gani?" akaniuliza. "Nionyeshe fasi yangu, Ngalula, nitaenda leo." Nikafikiria baraza letu, nikafikiria jikoni, na kote sikuona mahali pake.

Akili yangu ya miaka kumi ikaja na mpango, nami niliuona kuwa mkubwa kuliko mipango yote ya Diplome. Mtu aliyeshiba sana hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia hawezi kupigana. Basi Jumamosi ile nilipika kama kwa harusi. Wiki hiyo malori yalikuwa mengi, na wavulana walikuwa wameninunulia mikebuka, nyanya, mafuta ya mawese na majani ya muhogo, sombe, ambayo niliyatwanga tangu asubuhi mpaka viganja vikapasuka. Bukari nilipika sufuria mbili. Nilitaka wale mpaka wasiweze kuinuka, ili adui akija awakute wamelala tumbo juu, na moyoni mwangu nilidhani mtu hawezi kumpiga aliyelala. Harufu ya sombe na mawese ilipopanda, minyororo iliwekwa chini, wakanawa, wakakaa. Hata Diplome alifungua kifungo cha suruali. Walikuwa katikati ya kula, vinywa vimejaa, vidole vyote vinang'aa mafuta, wakati wale wa ng'ambo walipotokea nyuma ya behewa na marungu yao.

Walikuwa wengi kama sisi. Walitukuta tumekaa chini, hakuna aliyeshika kitu isipokuwa tonge, na wangeweza kutumaliza pale pale. Niliona mguu wa Kalala ukikunjika ili ainuke. Bebe alimeza, akainua macho, akawaona watu wamesimama mbele ya chakula, na kabla hajakumbuka ni watu gani akasema: "Karibuni, tukule."

Msomaji wa mbali labda haoni uzito wake. Kwetu mtu akikukuta unakula humwachi apite kimya. Unamkaribisha, hata kama chakula hakikutoshi, hata kama moyoni unamwomba Mungu akatae. Neno linatoka lenyewe, kama vile pole inavyokutoka kwa aliyejikwaa. Naye aliyekaribishwa ana deni la heshima. Akiwa ameshiba atakata tonge dogo, atachovya, atameza, atashukuru na kwenda zake. Kukataa kabisa, bila hata kuonja, ni kusema mbele ya watu kwamba wenye chakula ni wachawi na unaogopa sumu yao, na Likasi hii nawajua ndugu wasiosalimiana mpaka leo kwa sababu ya tonge lililokataliwa. Wavulana wale walikuja kutuchoma moto, lakini walikuwa wamelelewa na mama zao. Nilimwona mkuu wao, kijana mwenye kovu shingoni, akitazama marungu ya wenzake, akamtazama Bebe aliyekuwa amebaki na kinywa wazi kwa kugundua alichokifanya, kisha akaitazama sombe yangu. Macho yake yalikaa kwenye sombe muda mrefu. Mwisho akakohoa. "Kuko maji ya kunawa?" akauliza.

Nilikimbilia beseni kuliko nilivyowahi kukimbilia kitu. Na kwa kuwa hakuna anayenawa mikono miwili huku ameshika rungu, marungu yakaanza kuwekwa chini moja baada ya jingine, mpaka likawa rundo zuri la kuni kavu. Duara likasogea. Likasogea tena. Mwanzoni walikula wakiangaliana pembeni, wale waliopigana juzijuzi wakigusana viwiko, mpaka yule aliyevunjika mkono akashindwa kuvunja samaki kwa mkono mmoja, na Ng'ombe, ambaye ndiye aliyemvunja, akamchambulia mwiba kwa mwiba akaweka nyama mbele yake bila kumtazama. Hapo mtu akacheka. Sijui ni nani. Chakula kikaisha, nikaambiwa na watu wa pande zote mbili kwamba nipike tena, na makaa yalikuwa yamekwisha. Nilichukua rungu la kwanza kwenye lile rundo, nikaliingiza chini ya sufuria. Hakuna aliyelidai. Nikaongeza la pili.

Ndipo baba akaja. Jirani aliyewaona wa ng'ambo wakivuka alikuwa amekimbia mpaka kwetu akipiga kelele kwamba vijana wanauana kule behewani, na baba, mtu wa stoo, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, akavuka reli mbio akiwa na kiatu kimoja tu na nusu ya mtaa nyuma yake. Alitarajia kumwokota mwanawe chini. Alikuta vijana zaidi ya thelathini wamezunguka sinia, na binti yake amesimama katikati ameshika mpini wa jembe, jasho na unga mpaka kwenye nyusi. Watu wa mtaa walisimama kule kwenye reli, hawakuthubutu kukaribia. Baba alikuwa anahema. Kalala aliinua uso, tonge mkononi, na niliona hofu ikimpita, kisha kitu kingine kikakaa mahali pake. Akamsukuma Bebe kwa kiwiko, akasogea upande, akabaki na nafasi wazi kando yake, pana, ya kumtosha mtu mzima. "Baba, karibu," akasema. "Tukule."

Baba aliitazama ile nafasi. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa alichokuwa anakiona, na nikaona kwamba na yeye ameelewa. Kisha akakunja mikono ya shati, akanyoosha mikono juu ya beseni, nikammiminia maji, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, bega lake kwa bega la mwanawe. Akakata tonge. Akachovya. Wote walikuwa wanamngoja. "Nani anapika?" akauliza. Nikasema ni miye, baba. Akatafuna taratibu. "Chumvi kidogo," akasema, na kicheko kilicholipuka pale kiliwashtua mpaka watu wa kwenye reli. Baada ya hapo akaanza kuwauliza mmoja mmoja, weye ni mutoto ya nani, na kumbe nusu ya baba zao alikuwa amefanya nao kazi, alijua vijiji vyao, alijua waliokufa na waliorudi kwao Kasai, alimjua hata babu yake Diplome, ambaye alisema alikuwa mpiga filimbi bora wa kampuni nzima. Diplome hakuwa anajua hilo. Alimwomba baba alirudie mara mbili.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, Kalala alikuja nyumbani kuchukua shati. Sinia ilikuwa imeshafika barazani. Baba hakumwangalia, alimwangalia mdogo wake. "Léon, sogea kidogo," akasema. "Kalala akae." Baba Léon akasogea, akilalamika kuhusu mgongo wake, na kaka yangu akakaa. Mama alikuwa jikoni anachungulia kwenye ufa wa mlango, mkono mdomoni, na mimi nilikuwa chini ya kwapa lake nachungulia pia. Sitasema kwamba kila kitu kilipona siku ile. Kalala aliendelea kwenda behewani miezi mingi, ila alilala nyumbani na mnyororo aliuacha. Makundi yale mawili yaligawana siku za kupakia malori. Diplome alikwenda kwenye mashimo ya madini na sijamwona tena, Ng'ombe alifungwa, akatoka, akafungwa. Bebe ni mwokaji mikate, nani angeshangaa. Kaka yangu sasa analima mahindi kule Kapolowe, ana watoto sita na kitambi, na wakati wa mavuno ananiletea unga, kwa sababu mimi Kantini nina mgahawa wangu, karibu na kituo cha teksi-basi, na bukari yangu wanaifuata mpaka wakubwa wenye magari.

Leo behewa halipo, lakini vijana wapo, wengi kuliko wakati wetu, na wana mapanga badala ya minyororo. Mwezi uliopita kanisani kwetu kulikuwa na kikao cha wazazi juu yao. Tulikaa kuanzia asubuhi. Wakasema ni umaskini, ni bangi, ni simu, ni pepo, na kila aliyesimama alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema maskini watoto hawa, na mimi pia nilisimama nikasema maskini watoto hawa, nikaketi nikijiona mtu mwema. Siku hiyo Kalala alikuwa amekuja na gunia lake la unga. Nikamsimulia kikao, kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimemuuliza miaka yote hiyo, ni nini hasa alichokifuata kule relini. Nilitegemea atataja chakula, au karo, au baba, Mungu amrehemu. Aliendelea kula. Halafu akasema, bila uchungu wowote: "Kule balikuwa bananicheka, Ngalula. Ku nyumba mulikuwa munanihurumia tu."

Sikulala vizuri kwa neno lile. Asubuhi nilipokwenda kufungua mgahawa, wale vijana wa kona yetu walikuwa wamekaa kwenye ukuta wao kama kawaida, wale ambao nawapita kila siku nikiwa nimebeba uso wa matanga. Mmoja wao alikuwa amenyoa upande wa kushoto peke yake, na upande wa kulia ameupaka rangi ya njano. Nikasimama mbele yake, nikaweka kikapu chini. "Weye," nikamwambia, "kinyozi alikukimbia katikati, ao courant ya umeme ilikatika?" Yeye akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani, bila haraka, akafika juu akatulia hapo. "Na weye mama," akasema, "ile wigi ulitoa wapi, ku mbuzi?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na yeye akacheka, meno yote nje, mtoto mtupu. Anaitwa Trésor.